Gari Lenye Njaa

Siku yangu ya kwanza katika gereji moja ya Suna, mjini Migori, sikupewa spana. Fundi mkuu alifungua mlango wa nyuma wa gari akaniambia, "Keti. Leo wewe ni mzigo."

Niliketi nimenuna. Alikuwa amefunga rimu pana, akitaka kujua tairi litafika wapi springi zikilemewa. Nanyi mnaoanza kazi hii, msione haya kuuliza, maana hata mimi sikujua: rimu pana hulisogeza tairi nje, karibu na mdomo wa madigadi, yaani ule ukingo wa bati juu ya gurudumu. Gari tupu hupita bila sauti. Likijaa watu, gari lenyewe hushuka, na bati hilo hukata tairi kama kisu.

"Gari ikiwa na njaa inakudanganya," fundi mkuu aliniambia. "Ipime ikishiba."

Miaka ya tisini nilihamishiwa Homa Bay kusimamia tawi letu. Asubuhi moja Mzee Owuor, mfanyabiashara wa Kosele, alileta Peugeot 404 aliyoachiwa na baba yake, pamoja na rimu pana zinazong'aa alizotaka nizifunge. Siku hiyo binti yake alikuwa anaolewa, na gari hilo ndilo lingempeleka kanisani pamoja na shangazi zake. Nilipokaza nati ya mwisho, alilizungusha uani, kisha akazima injini. Nikachomoa funguo.

"Lete funguo, omera. Padri hangoji mtu."

"Bado, mzee. Naomba hawa akina mama waketi kwanza."

Dada yake Mzee, aliyekuja na shangazi wenzake wawili wamevaa sare ya harusi, alinitazama juu hadi chini. "Yawa, huyu anataka kutupima kilo kama samaki wa mbuta."

"Siwapimi nyinyi, mama. Napima gari."

"Nimeizungusha, haijagusa popote," Mzee alisema, mkono bado umenyooshwa. "Kama unataka kuniharibia harusi, sema tu."

Nilipaka chaki tairi za nyuma, akina mama wakapanda wakicheka, nami nikaendesha polepole juu ya tuta la langoni. Nyuma yetu kitu kilikwaruza, kifupi, kama kucha kwenye sufuria. Kicheko kikakoma.

Tulishuka. Chaki ilikuwa imefutika kwa mstari mwembamba kuzunguka tairi. Dada yake akaugusa kwa kidole.

"Na ile miteremko ya njiani?" aliniuliza.

"Hapo ndipo lingepasuka, mama."

"Nimeshawaambia watu kuhusu hizi rimu," Mzee alisema kwa sauti ya chini.

"Owuor, rudisha magurudumu ya baba. Watu wanakuja kuona bibi harusi, si tairi."

Niliyafunga yale membamba, nikikaza nati kwa kuvukisha, hii kisha ile inayoielekea, ili gurudumu likae sawa. Mzee alisimama nyuma yangu, akitazama saa yake. Walifika kanisani wamechelewa, lakini walifika wote.

Sasa nimestaafu, na magoti yangu hayakubali tena kuingia chini ya gari. Vijana wa gereji ya jirani huniita wanapofunga rimu pana. Hawanipi spana. Hunifungulia mlango wa nyuma, nami naketi, nasikiliza.