Ombi Alilonirudishia Mama Odette

Ile siku ya pili ya safari ya miguu, tulipopita katikati ya mashamba ya mahindi, naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Hunijia hasa majira haya, Pasaka inapokaribia na asubuhi za Johannesburg zinapoanza baridi. Wewe unaolewa Jumamosi, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Kanisa letu lilikuwa mjini kati, juu ya duka la mablanketi. Wengi tulikuwa Wakongo. Kila Pasaka tulitembea siku tatu hadi kilima cha maombi, usiku tukilala katika makanisa ya mashambani. Desturi yetu ilikuwa hivi: asubuhi, kabla ya kuondoka, unamnong'oneza mwenzako shida yako, naye anaibeba siku nzima akiiombea. Ya kwako mwenyewe huiombei. Unaomba ya mwingine. Mume na mke hawakubebeana. Wazee walisema hao wana nyumba yao ya kuambiana.

Mimi nilikuwa msusi wa kando ya barabara, na mume wangu, Byamungu, alikuwa mlinzi wa duka. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Berea, pazia tu likitutenga na familia nyingine. Tulikuwa na miaka minne ya ndoa, na mtoto hakuna. Mama mkwe alikuwa akipiga simu kutoka Bukavu kila Jumapili. Byamungu anaichukua simu, anatoka nayo hadi kwenye ngazi, anarudi kimya. Akawa anaomba zamu za ziada, na akija nyumbani anakula amesimama. Sikumuuliza kitu. Nilijiambia wanamtafutia mke mwingine, nikabaki na jibu langu mwenyewe.

Asubuhi ile nikapangiwa Mama Odette, mjane, fundi cherehani, mwanamke wa maneno makali ambaye hata mchungaji alimwogopa. Nikamnong'oneza: "Mama, uniombee Byamungu asinirudishe kwetu." Aliitikia kwa kichwa tu.

Tukaenda mstari mmoja kando ya seng'enge. Mahindi yalikuwa yamekauka, upepo ukipita yanachakarisha. Wanawake wa shambani walitupungia mikono, wakitusalimu kwa Kizulu, "Sanibonani!", wakatujazia chupa zetu maji. Byamungu alikuwa mbele na buti zake za kazi, hageuki. Mimi nyuma, visigino vimejaa malengelenge, najihurumia njia nzima. Na nilivyokuwa mzuri siku zile, acha nijisifu, nilitaka ageuke mara moja tu.

Mchana tulikaa chini ya mikaratusi kula mihogo na samaki wa chumvi. Mama Odette akanivuta kando.

"Riziki, shida yako nakurudishia. Siibebi."

"Mama, nimekosa nini?"

"Bwana yako ni yule pale, anamenya chungwa. Weye ulishamuuliza?"

"Hapana, mama."

"Basi unamtuma Mungu akuulizie? Eish! Inuka umuulize. Akikujibu vibaya, rudi kwangu. Hapo nitaibeba hata kwa magoti."

Nilimkasirikia. Katika miaka yote ya safari ile sikuwahi kusikia mtu akirudishiwa ombi lake. Lakini tulipoanza kutembea tena nikaongeza mwendo, malengelenge na yote, mpaka nikamfikia.

"Byamungu, utanirudisha kwetu?"

Akasimama katikati ya njia, watu wakawa wanatupita. "Nani amekuambia maneno hayo?"

"Mama yako anapiga simu, weye unatoka inje."

Akaangalia buti zake. "Natoka sababu sitaki usikie tukigombana. Yeye anasema nikuache, miye nakataa. Riziki, nilienda ku hospitali. Shida ni yangu. Miye ndiye nangoja siku weye utaniacha."

Nililia palepale, mwanangu, naye akalia, mlinzi mzima wa kutisha wezi. Kisha tukatembea bega kwa bega, tukizungumza mpaka jua likazama. Aliniambia alikuwa anakula amesimama kwa sababu aliona aibu kukaa mbele yangu. Nilicheka, kisha nikalia tena. Kilimani tulifika kesho yake, na sikumbuki hata tuliimba nini. Njia ile ya vumbi ndiyo ninayoitamani, na mwendo wa Byamungu akinipunguzia hatua ili nisiumie.

Mtoto hakuja. Tuliomba sana na hakuja; ninyi mabinti wa kanisa ndio mlioniita mama. Byamungu alikaa nami mpaka tulipomzika, na katika miaka yote hiyo hakula tena amesimama.

Basi shika hili. Jambo linalomhusu mumeo usimpelekee dada yako, wala mchungaji, wala usilifikishe kwa Mungu kabla hujamwambia mwenyewe. Muulize, hata sauti ikitetemeka. Sisi tulipoteza mwaka mzima tukiogopana ndani ya chumba kimoja, mimi nikilia upande huu wa kitanda na yeye akinyamaza upande ule. Mwaka ule nautaka leo, mwanangu, na hakuna wa kunirudishia.

Mungu akubariki. Akupe ulimi wa kuuliza, akupe mume wa kujibu, na awape nyote wawili miaka mingi ya kuchoshana kwa mazungumzo.