Kidole Kilichofungwa Bila Jeraha

Mkataba wa mjukuu wangu ulikuwa na kurasa nne, nami nilizisoma zote kabla hajautia sahihi, jambo ambalo hakuna mwingine katika ukoo wetu aliyelifanya, yeye mwenyewe akiwamo. Ulikuwa mkataba wa kazi ya mwanafunzi: kila Jumamosi, kwenye kaunta ya maktaba ya chuo kikuu anachosoma hapa Brussels. Uliandikwa na watu waliotaka kueleweka. Mwajiri hutangaza serikalini, kwa jina la mwanafunzi, saa atakazofanya kazi. Saa hizo hutolewa katika fungu ambalo sheria humpa kila mwanafunzi kwa mwaka. Maadamu fungu halijaisha, makato ni madogo. Na malipo huingia kila mwezi katika akaunti ya huyo huyo aliyetajwa. Mwanafunzi akitaka kujua amebakiwa na saa ngapi, hufungua tovuti na kujisomea. Hakuna haja ya kumuuliza mtu yeyote.

Kwa malipo hayo alikuwa amepanga chumba karibu na chuo, hatua chache kutoka uwanja wa Flagey. Kwetu Auderghem, pembezoni mwa jiji, tunaishi watu saba, na hakuna pembe ya nyumba ambamo mtu anaweza kusoma nusu saa bila kuitwa. Mwaka wa kwanza alifeli mitihani mitatu. Mwaka wa pili, akiwa na chumba chake, hakufeli hata mmoja. Bila ile kaunta, chumba kisingelipika, na sote tulilijua hilo.

Kisha akafariki mzee mmoja wa mji wetu kule Katanga, na matanga yakawekwa siku ya Jumamosi, katika ukumbi wa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels. Mjukuu wangu alitakiwa akahudumie wageni. Badala ya kuandika barua pepe ya mistari miwili kwa msimamizi wake, alikwenda kutafuta ushauri kwa mwenye saluni mmoja wa mtaa huo huo.

Huyo mwenye saluni ni mwanamume wa miaka hamsini hivi. Hunyoa vizuri, hilo siwezi kumnyima. Lakini akiwa na mkasi mkononi hutoa hukumu juu ya vibali vya kuishi, kodi, mirathi, na sasa kazi za wanafunzi, bila kuwahi kusoma sheria hata moja, na watu humwamini kwa sababu huongea bila kusita. Alimwambia mjukuu wangu: "Tuma mudogo yako. Bibliothèque wanaangaliaka tu kama kiti iko na muntu. Bazungu hawatawatofautisha."

Kwetu ushauri huo haumshangazi mtu. Ukiitwa shambani ukiwa mgonjwa, ndugu yako huenda. Kinachotakiwa ni mikono ya ukoo. Mdogo wake, msichana wa miaka kumi na saba, akaenda, akakaa kaunta siku nzima, na nasikia alifanya kazi vizuri. Nasema nasikia kwa sababu sikuwepo. Jioni, akisukuma toroli la vitabu, alibana kidole mlangoni hadi kikachanika. Msimamizi wa zamu, aliyekuwa mgeni siku hiyo, alimfunga bandeji, akatoa fomu ya ajali, akamuuliza jina. Mtoto akataja jina la dada yake.

Kesho yake ujumbe ukafika: mjukuu wangu mkubwa aende Jumatano kutia sahihi fomu ya jeraha ambalo hakuwa nalo.

Baraza la ukoo likakaa sebuleni kwetu mchana ule ule, baada ya kanisa. Mwenye saluni alikuja bila kualikwa na akapewa kiti kizuri kuliko changu.

"Alors, ni simple," alisema. "Tunafunga kidole ya mukubwa. Mercredi anaenda, anaonyesha, anasaini. C'est fini."

"Na wakitaka kukiona kidole?" niliuliza.

"Papa professeur, nani atafungua pansement ya mutoto wa bantu? Kuko muntu alifanyaka hivi, kule Liège. Hakukuwa hata problème moja."

"Anaitwa nani?"

"Muntu tu."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Beau-frère yangu alimuona."

"Basi mlete shemeji yako hapa, aape."

Chumba kizima kilicheka, na hawakumcheka yeye. "Papa anawazaka eko tribunal," alisema mama mmoja wa kwaya. Mwenye saluni akapangusa magoti yake, kana kwamba nimemmwagia nywele. "Weye papa unasomaka. Siye tunaishi." Binti yangu, mama wa wasichana hao, akaleta bandeji na kukifunga kidole kizima cha mtoto wake mkubwa, kwa ustadi mkubwa kuliko vile kilivyofungwa kile kilichoumia.

Jumatano nilifuatana naye. Tulipokaa kwenye tramu nilimwambia: "Toa hicho kitambaa."

"Nkambo, tafadhali. Si leo."

"Sahihi juu ya fomu ile ni ushahidi. Utakuwa umeshuhudia uongo kwa mkono wako."

Hakunitazama. "Weye njo ulisema nikuje kwenye matanga. Nilikuambia: nkambo, samedi niko na kazi. Ulisema mutoto wa ukoo wetu hawezi kukosa, nitafute namna. Donc nilitafuta namna."

Ilikuwa kweli, neno kwa neno. Nimefundisha miaka mingi na nimewaadhibu watu kwa kutoa maagizo yaliyo wazi kuliko hayo. Nilisema "tafuta namna" bila kuuliza ni namna gani, kwa sababu nilitaka aonekane ukumbini akibeba sinia, na watu waseme ni mjukuu wa nani. Alianza kuifungua bandeji mwenyewe, taratibu, akaikunja na kuitia mfukoni.

Mkuu wa maktaba alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Mjukuu wangu alimweleza yote bila kupunguza. Yule mama alisikiliza, akaandika, akauliza umri wa mdogo wake na kama kidole kinapona. Kisha akasema kwamba fomu itaandikwa upya kwa jina la aliyeumia. Kwamba saa za Jumamosi ile zitafutwa kwenye hesabu ya mjukuu wangu, kwa kuwa hakuzifanya. Na kwamba mkataba unakwisha siku hiyo. Aliyasema kwa upole, na upole huo niliuchukia kuliko kelele zote za Matonge.

"Mimi ndiye niliyemwita kwenye matanga," nilisema kwa Kifaransa changu bora. "Kosa la kwanza ni langu."

Alinitazama kwa subira. "Bwana, mkataba huu hauna sahihi yako."

Ningekuwa mimi kwenye kiti chake, ningesema hivyo hivyo.

Wiki hiyo mwenye saluni alitangaza kwa kila kichwa alichonyoa kwamba mzee amemuuza mjukuu wake kwa Wabelgiji. Safari hii, kwa bahati mbaya, maneno yake yalikuwa karibu na ukweli. Siku hizi nanyolewa kwingine, na vibaya.

Mwisho wa mwezi mjukuu wangu alirudi Auderghem na masanduku manne ya vitabu. Aliyaweka kwenye korido, watu wakawa wanayaruka. Mitihani ilikuwa imebaki majuma matano. Nilimwambia achukue chumba changu.

"Na weye utalala wapi?"

"Hilo halikuhusu."

Nilidhani atashukuru, au atakataa kwa adabu kama desturi inavyotaka, ili nami nisisitize.

"Bon," alisema, akafungua kabati na kuanza kutoa nguo zangu.