Ng'ombe Asiyekuwa Wetu

Harufu ya shina la mgomba lililokatwakatwa, ikichanganyika na samadi mbichi, ndiyo harufu ya nyumba yetu. Wengine wanakumbuka ubani wa kanisani au kahawa ikianikwa. Mimi nikiisikia harufu ile, hata nikiwa kwenye cherehani yangu hapa Majengo, narudi kihambani kwetu, shamba la migomba la ukoo, kule juu ya Kiboriloni, kwenye banda la ng'ombe mmoja mwekundu mwenye tabia mbaya. Alikuwa akinipiga mateke, mshenzi yule, wakati mimi ndiye niliyekuwa nikimkatia majani! Waliopita njiani walimwona na kusema, "Kwa Fundi wanakunywa maziwa." Hatukukataa, wala hatukusema kwamba hakuwa wetu.

Kwetu mlimani ng'ombe anaweza kulala kwako na asiwe wako. Mwenye mali humpeleka kwa mtu anayemwamini. Anayefuga anapata maziwa, na samadi ya migomba, ila ndama ni wa mwenyewe, na maziwa kidogo ya chai humfikia. Jambo hilo halitangazwi, na huulizi ng'ombe aliye kwa jirani ni wa nani, kama usivyouliza mtu ana nini mfukoni. Yule mwekundu alikuwa wa Bibi Apolonia, mjane aliyekaa juu zaidi, karibu na msitu. Alipofiwa na mumewe, shemeji zake walikuja na kamba kabla hata matanga hayajaisha, wakaswaga ng'ombe wake wawili wakidai ni mali ya ukoo. Huyu, aliyekuwa ndama wakati huo, Bibi alishamwahisha kwa baba yangu. Baba ndiye aliyemjengea jiko, na Bibi hakuwahi kumsikia akisema habari za mtu.

Baba alikuwa fundi mwashi. Hakuwa na mwajiri, wala mshahara, wala likizo ya ugonjwa. Alisimamisha kuta za watu kule mjini, mtaa wa Soweto, na Kiboriloni, na siku asipopanda jukwaani hapakuwa na cha kuleta nyumbani. Nilikuwa darasa la tano alipoanza kutembea ameshika kinena. Akasema ni uchovu tu. "Mficha maradhi kifo humuumbua," mama alimwambia kila asubuhi akimpa uji, naye akanywa, akachukua mwiko na timazi, akaenda. Siku moja wenzake wakamrudisha kwa pikipiki, wamemshikilia asianguke. Ilikuwa ngiri, tena ya siku nyingi. Kadi yetu ya bima, ile ya kaya nzima, ilitufikisha kituo cha afya, ikaishia hapo. Daktari aliurudisha utumbo kwa mkono, akatuonya kwamba ukibanwa tena baba atakufa, na kwamba upasuaji unafanyika hospitali kubwa mjini. Mama akauliza gharama, kisha akamshika baba mkono turudi nyumbani. Fundi akilala, chungu nacho kinalala, na sisi tulikuwa tumeshauza kahawa, kuku na redio.

Ilibaki njia moja, msamaha wa matibabu kwa wasiojiweza, na huo ulitaka mtendaji wa kijiji athibitishe. Mtendaji alikuwa kijana mpole, mgeni kutoka mkoa mwingine. Alikuja mwenyewe, akampa baba shikamoo pale kitandani, akamwonea huruma kweli. Kisha akatoka uani, akamwona yule mwekundu anatafuna.

"Mama, mwenye ng'ombe wa maziwa hawezi kuitwa asiyejiweza," alisema. "Muuzeni, mzee atibiwe."

Mwenyekiti wa kitongoji aliyeongozana naye, mzaliwa wa palepale, akainamia viatu vyake. Alijua ng'ombe bandani si ushahidi wa chochote, lakini kuuliza ni wa nani kungekuwa kukosa adabu. Wakaondoka, na msamaha ukaondoka nao.

Mama alilipuka. "Baba Rozi, sema ni wa nani! Neno moja tu!"

"Nikisema leo, kesho shemeji zake wako hapa na kamba. Atabaki na nini?"

"Na mimi nitabaki na nini? Ruwa wangu, Mungu wangu! Mimi na watoto hawa?"

Baba aligeukia ukutani. Nilimchukia siku ile, nasema wazi, nikamchukia na ng'ombe, nikamchukia na huyo bibi. Lakini mama, pamoja na hasira zake zote, hakumtaja mtu. Jumuiya yetu ya kanisa ilipokuja kusali kwetu, aliomba kwa sauti, "Tumwombee baba Rozi, amenyimwa msamaha kwa sababu ya ng'ombe," akakaa. Bibi Apolonia alikuwa nyuma, rozari mkononi. Mpaka leo mama anaapa kwamba hakukusudia. Mimi namjua mama yangu.

Kesho yake tulikuwa ofisi ya kijiji, mama na mimi, tukibembeleza tena. Bibi Apolonia akaingia amevaa kitenge cha kanisani. Kwenye benchi alikaa shemeji yake mkubwa, aliyekuja kwa shauri la mpaka. Bibi alimwona vizuri sana.

"Ng'ombe aliye kwa Fundi ni wangu," alimwambia mtendaji. "Andika."

Mtendaji akasita. Akasema watu huja na ujanja mwingi, anahitaji shahidi. Kabla Bibi hajafungua mdomo, shemeji alikuwa amesimama. "Si wa Fundi! Kama ametoka kwa marehemu kaka yangu, huyo ni wa ukoo wetu!"

"Umesikia," Bibi akasema. "Shahidi huyo."

Mtendaji akathibitisha msamaha, na baba akapasuliwa wiki ileile. Kabla hajarudi nyumbani, kamba zilifika. Mnyama yule alimpiga shemeji teke la haja, tukacheka na machozi yanatutoka, lakini wakamchukua.

Sasa mimi ndiye fundi, nashona, sina mwajiri wala likizo ya ugonjwa. Mwaka jana niliposhikwa na uvimbe tumboni, bima ninayojilipia ililipa sehemu, ikagoma sehemu. Kundi letu la kwenye simu likachanga, nikapona, na nawashukuru kwa moyo wote. Walitoa bila kulala njaa, kama nami ninavyowatolea wao, na sidhani tunadaiana zaidi ya hapo. Baba yuko hai, ana wajukuu. Bibi Apolonia aliishi miaka mingi baada ya siku ile, na mpaka anakufa alikunywa chai ya rangi.