Persis wa Mabati

Siku ya kwanza Nyasani alimwendea Persis kununua barua. Alimkuta kwenye baraza ya duka la nguo mjini Kisii, ameketi nyuma ya taipureta, mwanamke mrefu aliyekwisha kuvuka thelathini, sketi yake imepigwa pasi utadhani haijawahi kukaliwa. Watu walipanga foleni wakimweleza shida zao kwa Kigusii, naye akizichapa kwa Kiingereza bila kuinua macho. Nyasani alipanga foleni kama wengine. Hakupenda.

"Nataka barua kali," alisema zamu yake ilipofika. "Ya kampuni ya mabati kule Nairobi. Nilienda mwenyewe kuomba uwakala, wakaniweka kwenye benchi mpaka jioni. Msichana wa mlangoni ananiambia bwana mkubwa ametoka, na mimi namsikia huko ndani akicheka."

Persis hakugusa taipureta. Alianza kumtazama kofia, akashuka kwenye koti, akaishia miguuni.

"Ulikwenda hivi?"

"Hivi vipi?"

"Na gambuti."

"Mvua ilikuwa inanyesha."

"Nairobi?"

"Manga! Si ndiko nilikotoka?"

"Barua nitakuandikia, mzee. Lakini ukirudi hivyo utakaa benchi lile lile, safari hii barua ikiwa mkononi."

Foleni nzima ilicheka. Nyasani alikuwa ameanza maisha kwa kubeba ngozi mgongoni kutoka Manga hadi mjini, na sasa alikuwa na duka lake la mafuta ya taa, misumari na majembe. Hakuzoea kuchekwa bure. Lakini alijua anachokitaka. Ilikuwa mwaka wa sabini na moja, chai na pareto zilikuwa zimewatia watu pesa mfukoni, na kila mlima nyasi zilikuwa zinashushwa mapaani na mabati kupandishwa. Atakayekuwa wakala wa mabati angekula yeye na wajukuu wake. Akauliza, basi kumfundisha kuvaa na kuongea atamtoza bei gani. Persis akataja. Nyasani akatoa nusu yake, kama alivyozoea kila mahali.

"Anayefuata," Persis alisema.

Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kukata mapatano yake kwa neno moja. Aliondoka kwa hasira, akafika stendi ya basi, akageuka, akapanga foleni upya. Siku hiyo alilipa bei kamili na ilimuuma mpaka usingizi ulipomchukua.

Masomo yalikuwa Jumapili alasiri, maana Persis alikuwa Msabato kutoka Nyacheki na Jumamosi hakugusa kazi. Alimkataza kuchokoa meno kwa njiti ya kiberiti mbele ya mgeni. Alimfundisha kutoa mkono, kuushika, kisha kuuachia, kwa kuwa Nyasani akiushika mkono wa mtu alikuwa haachii mpaka bei ikubaliwe. Bei isitajwe kabla mgeni hajaketi. Kwenye simu asipige kelele, Nairobi wanasikia. Na aache kusema "kesho" kama hajui ni lini.

"Na wakiniuliza lini, na mimi sijui?"

"Sema utawajulisha."

"Si ni uongo ule ule?"

"Ni ule ule, mzee. Ila huu umevaa tai."

Akampeleka kwa fundi, akashonewa suti ya kijivu. Siku aliyopita nayo sokoni, wanawake wa ndizi wakamwita: "Nyasani! Nani amekufa?" Alitembea na viatu vyeusi vilivyomng'ata vidole, akapanda basi la Nairobi, na safari hii hakukaa kwenye benchi. Alirudi na uwakala wa majaribio. Kampuni ingetuma mtu baadaye kuona duka linavyoendeshwa, akiridhika, Kisii yote mpaka Nyamira ingekuwa mikononi mwa Nyasani.

Hapo akaona kwamba suti peke yake haitamfikisha. Barua zilikuja kwa Kiingereza, simu ililia, wateja walitaka kupokewa. Akamwajiri Persis. Alijaribu kuupunguza mshahara, Persis akaanza kuifunika taipureta yake, Nyasani akakubali.

Duka likabadilika. Misumari ilihamishiwa nyuma, mbele pakawekwa meza na viti vya wageni. Mteja wa mabati alipewa chai kwenye kikombe chenye kisahani, na Persis, ambaye kwao waliilima chai lakini dini iliwakataza kuinywa, aliinusa kutwa nzima bila kuionja. Simu ikilia alilitaja jina la duka kana kwamba ni jengo la ghorofa.

"Mko wafanyakazi wangapi huko?" watu wa Nairobi walimuuliza.

"Tuko wa kutosha," alijibu. Walikuwa yeye na Onsongo, mpakiaji mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde.

Jioni mlango ukishafungwa, Persis alivivua viatu vyake chini ya meza. Miguu ilikuwa imevimba, alama za mikanda zimezama kwenye nyama.

"Si uvae malapa tu?" Nyasani alimwambia siku moja.

"Malapa hayauzi mabati."

Ndipo akamsimulia ya Nairobi. Alikuwa karani katika ofisi ya bima, akitabasamu mpaka mashavu yanauma, hadi asubuhi moja alipomkuta binti wa ndugu wa mkubwa wa ofisi amekalia kiti chake. Hakugombana. Alichukua mkoba, akapanda basi la kurudi nyumbani.

"Sura ya kazi ni mzigo kama gunia la chumvi," alisema. "Jioni unautua."

"Halafu?"

"Halafu asubuhi unaubeba."

Nyasani akavua vyake pia. Wakakaa hivyo, nyayo juu ya saruji baridi, kama wapakiaji wawili waliomaliza lori. Ikawa desturi yao ya jioni.

Walter, mwana mkubwa wa Nyasani, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Nyamira. Alianza kuja dukani kununua misumari ambayo hakuonekana akiipigilia popote. Mwisho akamwambia baba yake kwamba anataka kumwoa Persis, na Persis amekubali.

Nyasani alipiga hesabu yake usiku huo na kuiona nzuri mno. Karani wa kuajiriwa anaweza kuhama, lakini karani akiwa mke wa mwanao ataenda wapi? Akamchukua kaka yake mkubwa, Onyancha, wakaenda Nyacheki. Huko alipatana na baba yake Persis kuanzia asubuhi, akimkumbusha mara kwa mara kwamba binti si msichana tena, hadi mzee wa watu, mkulima wa chai aliyechoka na kusikiliza, akakubali ng'ombe wachache kuliko alivyotaka. Nyasani aliogopa wakwe wakilala watabadili mawazo. Akapeleka ng'ombe mara moja. Harusi ya kanisani ingekuwa Desemba, na mtu wa kampuni angekuja Oktoba. Aliona nafasi ipo tele.

Asubuhi baada ya ng'ombe kufika, Persis hakupitia mlango wa mbele. Alizunguka nyuma. Nyasani alipoingia, Persis alisimama, akainamisha uso na kugeukia ukuta. Na juu ya gunia la misumari Nyasani alimkuta Onyancha ameketi na fimbo yake.

"Unafanya nini hapa, kaka?"

"Nakaa."

"Harusi ni Desemba!"

"Ng'ombe wako wapi?"

"Si wako Nyacheki?"

"Basi. Ungetaka heshima ianze Desemba, ungepeleka ng'ombe Desemba."

Kwa Wagusii ni chinsoni, heshima iliyopo kati ya mtu na mke wa mwanawe. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawataniani wala hawabishani uso kwa uso. Nyasani alikuwa amebatizwa na kufunga tai, lakini hilo hakuthubutu kulichezea. Wanunuzi wake walikuwa watu wa milimani, na mtu aliyemkosea heshima mke wa mwanawe, nani angemnunulia hata msumari?

Kuanzia hapo kazi ilipitia kinywani mwa Onsongo. Persis alihamishia meza chumba cha nyuma. Simu ikilia alipokea yeye, akamwambia Onsongo, Onsongo akapaza sauti kwa Nyasani, na soko zima likajua nani anadaiwa mabati. Desturi ya kuvua viatu jioni ikaisha. Nyasani alifunga duka peke yake akiwa navyo miguuni.

Oktoba akaja mtu wa kampuni, Bwana Musembi, mnene, mcheshi, pamoja na mpiga picha. Nyasani alimpokea kama alivyofundishwa. Alitoa mkono, akaushika, akauachia. Musembi alikagua ghala, akanywa chai, akaridhika.

"Sasa yuko wapi mwenye ile sauti?" akauliza. "Nairobi sisi tunamjua yeye." Persis akaitwa, akatoka uso chini. "Vizuri! Simameni hapo mlangoni, mpeane mikono, tupigwe picha ya gazeti la kampuni. Wakala na karani wake."

Watu walikuwa wamekusanyika nje. Mpiga picha akainua kamera. Nyasani akapeleka mkono nyuma ya mgongo. Persis akayageukia mabati.

Kicheko cha Musembi kikapungua. "Mmegombana?"

"Hapana, bwana," Nyasani alisema. "Zamani alikuwa karani wangu tu. Sasa amekuwa mke wa mwanangu. Kwetu siwezi kumshika mkono."

"Kumbe!" Musembi akaangua kicheko. "Hata kwetu Ukambani, mimi nikimwona mama mkwe njiani naingia kichakani na suti yangu!"

Watu wakacheka, Nyasani akapumua. Lakini Musembi alikuwa ameketi tena na kuweka kikombe chini.

"Mila nimeielewa. Sasa nieleze biashara. Nikipiga simu, nani ananijibu?"

"Yeye."

"Na wewe unaambiwa na nani?"

"Mimi!" Onsongo alisema kutoka mlangoni, na vikombe vikatikisika.

"Mzee Nyasani, siwezi kukupa wilaya nzima ukiwa huongei na ofisi yako."

"Nitaajiri karani mwingine."

"Ambaye hatumjui."

Ndipo Persis, macho bado kwenye mabati, akasema kwa Kiswahili chake cha ofisini:

"Bwana Musembi, naomba kusema. Baada ya harusi nitahamia Nyamira kwa mume wangu. Wateja wa huko wananijua, barua zao nimeandika mimi. Kampuni igawe. Kisii mjini ibaki kwa baba. Nyamira na Manga nipeni mimi, kwa jina langu. Mtaji ninao, ni akiba yangu, nitakutumia barua ya benki."

Musembi alimtazama, kisha akamgeukia Nyasani kumpa nafasi ya kujibu.

Nyasani alifungua kinywa. Maneno yalikuwepo. Mtu mwingine yeyote angemrudisha nyuma kabla chai haijapoa. Lakini huyu alikuwa mke wa Walter, na kubishana naye ana kwa ana kulikuwa kuvua nguo mbele ya soko. Onyancha alikohoa juu ya gunia. Nyasani akamwinamia Onsongo.

"Mwambie Manga ni kwetu."

"Anasema Manga ni kwao!"

"Mwambie baba, kwa ng'ombe aliowatoa, ni kwangu pia."

Wanawake wa ndizi walishangilia. Nyasani akajaribu kama alivyozoea, nusu.

"Mwambie achukue Nyamira, Manga aniachie."

Onsongo alipeleka. Persis alikwenda chumba cha nyuma, na Nyasani akasikia kifuniko cha taipureta kikishushwa. Aliujua mlio ule. Alijiona amesimama tena kwenye foleni, gambuti miguuni, na mara hii hakuwa na nguvu za kwenda hadi stendi na kurudi.

"Mwambie sawa," alisema.

Picha zilipigwa mbili. Moja Musembi na Nyasani, nyingine Musembi na Persis.

Kwa hiyo Nyasani alipata uwakala wa mji na akakosa milima, alikotoka na ngozi zake mgongoni. Alipata mkaza mwana mwenye heshima ambaye hakuna mtu Manga aliyepata la kumsema, na ng'ombe aliowaokoa kule Nyacheki walimgharimu zaidi ya ng'ombe wowote aliowahi kuwapeleka. Akaajiri kijana wa tai aliyewaambia wateja wote kwamba atawajulisha. Hakuwajulisha.

Persis alipata duka lenye bango la jina lake. Kutabasamu akaendelea nako, tofauti ni kwamba sasa hakuwa na mwajiri wa kumlaumu. Mvua ya milimani ilimnyeshea akifuatilia wateja, Walter akitoka shuleni alimkuta bado mezani, na Jumapili, iliyokuwa ya masomo, ikawa ya kupokea lori. Alizeeka haraka usoni. Sketi ilibaki imenyooka.

Mara moja moja Nyasani alipanda Nyamira pamoja na Onsongo kwa shughuli zake. Njia nzima aliyaona mapaa mapya yaking'aa, na hakuna hata moja lililopitia kwake. Jioni moja, mwaka wa sabini na sita, walipita mbele ya duka la Persis likiwa karibu kufungwa. Mlango ulikuwa wazi nusu. Kutoka barabarani aliviona viatu chini ya meza, vimelala ubavu, na miguu miwili iliyovimba kwenye saruji. Alisimama. Vyake vilikuwa vinambana. Kuingia hakuweza.

"Nenda umsalimie," alimwambia Onsongo.

Onsongo aliingia, akakaa kidogo, akatoka.

"Anasema hajambo. Anauliza kama miguu yako bado inauma."

"Umemjibu nini?"

"Nimesema inauma. Anasema hata yake. Halafu anasema kama umekuja kwa ajili ya yale mabati ya paa la Onyancha uliyotaka upunguziwe, bei ni ile ile."

Nyasani alibaki ameutazama mlango.

"Mwambie nitamjulisha," alisema, akaanza kuteremka.