Wateja Walioletwa na Mafuta ya Moto

Kabla ya mambo haya nilikuwa fundi wa nguo katika soko la Kibuye, nikirekebisha mitumba, mpaka mama mmoja wa Asembo Bay aliponionyesha namna ya kuigeuza ngozi ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, iwe ya kushonea mikoba. Nikaacha nguo. Nikahamia Otonglo, nikajenga kibanda cha mabati kando ya barabara ya Busia, na mdogo wangu, msichana aliyekuwa amemaliza chuo na hana kazi, akafungua duka letu mtandaoni.

Mwanzoni tuliipiga picha mikoba juu ya kitambaa cheupe, na maua pembeni. Hakuna aliyeuliza bei. Waliotusifu walikuwa binamu zetu, na binamu hanunui.

Kisha mdogo wangu akanirekodi siku moja nikiwa sijajiandaa. Nilikuwa nimepiga magoti nikikwangua nyama kwenye ngozi kwa kisu kipana, jasho linatiririka, magamba yamenirukia usoni, halafu nikaipigilia ile ngozi misumari kwenye ubao kama mtu anayelipa kisasi. Video hiyo ilitazamwa kuliko picha zetu zote zikiwekwa pamoja. Watu waliandika kwamba hawakujua samaki anaweza kuwa mkoba. Mwalimu mmoja wa Kakamega akaagiza wake, na wengine wakamfuata. Tukaachana na maua. Kila asubuhi mdogo wangu aliiweka simu juu ya stuli, akarusha laivu, nami nikafanya kazi yangu mbele ya mapipa ya chokaa ya kulowekea ngozi, na nzi wake.

Nyuma yangu, kwenye video hizo, alionekana jirani yangu. Alikuwa mama mrefu, mjane, amenizidi umri, aliyekuwa akikaanga samaki kwenye karai kubwa hatua chache kutoka kibanda changu. Tulikuwa tukiazimana makaa na kuchungiana vitu. Wala hakuwa ametukataza kurekodi, kwa sababu hakuwa na simu ya kuonea video hizo.

Mtu mmoja akatania chini ya video kwamba sasa anajua samaki wa Otonglo hutolewa kwenye pipa gani. Mdogo wangu alimjibu hapo hapo kwamba yale ni mapipa ya ngozi, na yule mama hununua samaki wake freshi kila alfajiri. Lakini ule utani ulikwisha kutoka. Uliingia kwenye magrupu ya watu wa boda, ukaingia kwenye simu za walimu na makondakta, na jibu letu halikwenda nao. Waliokuwa wakila kwa jirani yangu kila mchana wakaanza kupita bila kusimama. Samaki wake walilala kwenye sinia mpaka wakakauka.

Alivumilia siku kadhaa bila kuniambia neno. Asubuhi aliyokuja, tulikuwa laivu. Sikumwona. Nilisikia tu sauti yake juu ya kichwa changu.

"Wewe unaita watu yako na simu, na unafukuza watu yangu," alisema. "Mimi nimekukosea nini?"

Niligeuka nikiwa bado nimepiga magoti, nikaliona karai mikononi mwake, amelishika kwa matambara. Nilijaribu kusema kitu. Mafuta yalinipata kuanzia begani mpaka kwenye vidole.

Watu huniuliza kama nilipiga kelele. Sikumbuki. Nakumbuka ngozi ya mkono wangu ikijikunja kama karatasi, na harufu ambayo kwa sekunde moja nilidhani ni ya samaki. Nilikamata kilichokuwa karibu, nao ulikuwa ubao wa kuwambia ngozi, misumari ikiwa imesimama, nikampiga nao. Nilimpiga shingoni, nikampiga begani, na nilipouvuta ulitoka na kipande cha blauzi yake na damu. Akanirukia. Tukaanguka kwenye mapipa, pipa moja likapinduka, tukagaagaa kwenye chokaa, yeye akinivuta nywele na mimi nikimwuma kidole mpaka nikahisi mfupa. Mdogo wangu alijaribu kututenganisha, akapigwa kiwiko cha mdomo. Wachuuzi wa nyanya ndio waliotushika hatimaye, wanne kila upande. Simu ilikuwa bado imekaa pale kwenye stuli, ikiwarushia watu kila kitu.

Nilipokuwa wodini, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kwapa, mdogo wangu aliketi kando ya kitanda akiangalia simu, mdomo wake umevimba. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba watu waliokuwa wakilifuata duka letu wameongezeka kuliko tulivyowahi kuota. Maagizo yalikuwa yakiingia akiwa anaongea nami. Sikuelewa kama anafurahi au anaogopa, na nadhani yeye pia hakuelewa.

Nikamwambia anisomee. Mmoja alitaka mkoba wa mama mpiganaji. Mwingine alitaka ule mkoba wa bluu uliokuwa ukining'inia nyuma yetu wakati wa vita, na akaomba kama kuna damu iliyorukia hapo tusiioshe. Kijana mmoja aliuliza tutarusha lini tena. Na katikati ya hao walikuwepo waliokuwa wakimtafuta jirani yangu. Anauzia wapi hasa? Ni upande gani wa barabara? Nilimwambia mdogo wangu aifute ile video mara moja. Akaifuta. Ilikuwa imekwisha kunakiliwa na watu tusiowajua, wameiwekea muziki.

Jirani yangu hakukamatwa, kwa kuwa mimi sikupeleka mashtaka na yeye hakupeleka. Alishonwa shingo, akarudi kwenye jiko lake. Mimi nikarudi kibandani, nikawa nakata ngozi kwa mkono mmoja. Hatukuangaliana.

Walikuja siku moja mchana, kwa pikipiki. Walikuwa vijana nisiowajua, wamepakiana wawili wawili na watatu watatu, na baadhi walikuwa wameshainua simu kabla hata ya kushuka. Wa kwanza alilipiga jiko teke. Wa pili akamshika jirani yangu kwa kitambaa cha kichwani, akamburuta mpaka kwenye kokoto za kando ya barabara. Wakamwanza kwa mateke. Mmoja alikuwa na mnyororo wa pikipiki, nao ulipompata usoni niliusikia mlio wake kutoka nilipokuwa. Mwingine alikuwa anavingirisha tairi kuukuu kutoka kwa fundi wa pancha.

Kijana mmoja alipoiona bendeji yangu alitabasamu, kama mtu aliyekuja kupokelewa. "Usijali, mathee," akaniambia. "Sisi ni wateja wako."

Nilimpita, nikasukumana katikati ya miguu yao, nikaanguka juu ya yule mama. Teke lililokuwa lake lilinipata mbavuni. La pili lilinipata kwenye mkono uliounguzwa, na hapo nilipiga kelele, hilo nalikumbuka vizuri. Mnyororo ulishuka tena, ukanikata mgongoni. Nikainua ule mkono, bendeji inavuja maji na damu.

"Ni mimi niliyeunguzwa," nikasema. "Sikumtuma mtu."

Baadhi walisita. Yule wa mnyororo hakusita, na sijui angeendelea mpaka wapi kama mchinjaji wa kibanda cha pili hangetoka na panga, na nyuma yake akina mama wa nyanya na wa mkaa, na mawe. Soko zima lilishuka barabarani. Jiwe lilimpasua kijana mmoja paji la uso. Yule wa mnyororo alipigwa kwa ubapa wa panga mpaka akalala chini, akaanza kuita mamake. Pikipiki moja iliachwa nyuma, ikawashwa moto kwa lile tairi lao wenyewe. Tulikuwa bado tumelala pale chini, uso wake begani mwangu, tukipaliwa na moshi ule mweusi, na sikuweza kujua damu ipi ni ya nani.

Jicho lake la kushoto halikupona. Ndugu zake walikuja na gari kumchukua kwenda kwao Asembo. Nilikwenda kumwona wakipakia masufuria. Alikuwa amekaa kwenye kreti, kichwa kimefungwa.

"Bado nina hasira na wewe," aliniambia.

Nikamwambia najua. Akauliza mkono unaendelea aje. Nikamwambia vidole viwili havikunjiki. Akatikisa kichwa, na ndugu yake akamsaidia kupanda gari.

Mdogo wangu na mimi tuliufunga ule ukurasa. Tulifungua mwingine, wenye jina jingine, na tangu hapo huonekana mikono yangu tu na mkoba unaoshonwa, ukuta mtupu ukiwa nyuma. Wateja wanakuja polepole. Yule mwalimu wa Kakamega alitutafuta mpaka akatupata, akawaleta wenzake wa shuleni. Mara moja moja mtu hulitambua kovu, akauliza kama si mimi yule wa mafuta. Mimi humjibu kwamba ni mimi, kisha humwuliza anataka mkoba wa ukubwa gani. Wengine hupotea hapo hapo. Wengine hununua.

Juzi nilishuka Asembo Bay kuchukua ngozi. Yule jirani yangu alikuwa pale ufukweni, akichagua samaki kwa jicho moja, akibonyeza matumbo yao kwa kidole. Aliniona kabla sijaamua kama nijifiche. Akaja mpaka niliposimama, akanishika mkono bila salamu, akakunja mkono wa shati langu mpaka begani. Aliliangalia lile kovu lote, akishuka nalo polepole, akapitisha kidole gumba pale ngozi ilipoganda pamoja. Nami nililiangalia jicho lake. Kisha akaliteremsha shati, akalifunga kifungo cha mkononi, akarudi kugombana na mwenye samaki.