Nilificha jina la baba mdogo, nikasahau kuficha maneno yake

Admin, ficha jina langu, Butembo ni ndogo. Nina miaka thelathini na saba, sijaolewa, nafundisha chuo kikuu mambo ya uongozi wa kampuni na mbinu za biashara. Thèse yangu ya udaktari ilihusu namna wafanyabiashara wetu wanavyochagua mrithi.

Baba mdogo ndiye aliyenilea na kunisomesha. Anauza sufuria Bulengera, hapa hapa mjini. Alikubali nimhoji kwa sharti jina lake lisionekane, nikamrekodi kwenye simu. Kuhusu Mumbere, mtoto wake wa kwanza, anayemfungulia duka kila asubuhi, alisema: "Ule hapana mutu ya duka. Ni kifuniko bila sufuria. Nitaachia mudogo wake, lakini mukubwa hajue bado."

Katika thèse nilimwita Patron B, nikamhamishia mji wa Kayna, nikamfanya muuza rangi za nyumba. Lakini maneno yale niliyaacha yalivyo kwa sababu yalikuwa matamu, na mimi napenda kusifiwa. Kumbe soko zima linajua kwamba kila kisichofaa, baba mdogo hukiita kifuniko bila sufuria.

Siku ya soutenance, ya kutetea thèse mbele ya maprofesa, ukoo wote ulikuja na kitenge kimoja, alichonunua Mumbere. Profesa mmoja aliniomba nisome ushahidi wangu wenye nguvu zaidi. Nikausoma kwa madaha. Mtu akacheka nyuma, kisha safu nzima. Mumbere, aliyekuwa ananipiga video, akateremsha simu na kutoka. Nilipewa alama za juu kabisa, na wali wa sherehe niliula nikashiba.

Mumbere amehamia Beni, hapokei simu za baba yake. Baba mdogo sasa anaumwa moyo, haamki kitandani. Juzi aliniita: "Uambie Mumbere ni weye ulitunga ile maneno. Nilikusomesha, siombe ingine kitu." Nikimtii, nimekiri ushahidi wangu ni wa uongo. Udaktari utafutwa, na kazi itakwenda nao.

Jana Mumbere mwenyewe aliniandikia: "Dada, unijibu tu. Papa alisema, ao ni weye ulitunga?" Ameshaona kwamba nimesoma.

Msiniambie nisali. Nilisali, nikajikuta namwomba Mungu baba mdogo afe kabla sijajibu. Ndugu zangu, nimjibu nini Mumbere?