Dawa ya Viti vya Pijo la Baba

Enzi zetu za ruksa, serikali ilipofungulia biashara, maduka ya Newala yaliyozoea kutuuzia chumvi na viberiti yalijaa ghafla chupa za kila rangi. Sisi tulikuwa na sabuni moja tu, ya mche. Ilifua nguo, ikaosha vyombo, ikatuosha na vichwa mpaka macho yakawa mekundu kama ya walevi. Sasa, haya, kuna dawa ya vioo, dawa ya sakafu, dawa ya chooni! Hiyo ya chooni tuliishangaa kuliko zote, maana choo chetu kilikuwa shimo.

Baba naye, baada ya msimu mzuri wa korosho, akanunua gari la Pijo kuukuu. Viti vyake vya kitambaa, rangi ya damu ya mzee, vilikuwa vimebeba mabibo, matunda ya mkorosho, miaka mingi, na maji ya bibo mnayajua, yakigusa kitambaa ndiyo basi tena. Ndani mlinuka pombe na samaki mkavu. Na gari hilo ndilo lingempeleka dada yangu Somoe kwa mumewe Masasi, na gauni lake jeupe! Baba alishatangaza katika kila baraza kwamba binti yake hapandi gari la kukodi.

Siku moja kabla ya harusi, asubuhi, alikwenda dukani kuchagua dawa, akaichagua kwa pua. Alifungua chupa, akanusa, akafungua nyingine, na ile iliyomtoa machozi ndiyo akainunua. Muuzaji alimwambia ni dawa ya vyoo, kifuniko kimoja kwa ndoo nzima ya maji. Baba akaitikia kama mtu anayesikia.

"Mama Somoe, nipe ndoo ya maji nioshe gari."

"Ndoo nzima? Kwani gari limetoka jasho?"

Msimcheke mama. Maji ya Newala tuliyateremkia bondeni alfajiri, tukayapandisha mlima kichwani, shingo zikizama mabegani. Yaliyosuuza vyombo yalifua matambara, yaliyofua yalideki, yaliyodeki yalimwagiwa mpapai. Pipa lake siku ile lilikuwa la kuogea yeye na shangazi zangu watatu kwa ajili ya harusi. Akampimia baba kata mbili, akarudi kuchambua mchele.

Baba akatazama maji, akatazama chupa, akaniambia kwa sauti ya mwalimu mkuu: "Maji yakipungua, dawa huzidishwa." Akamimina nusu chupa. Nami, mjinga mwana wa mjinga, nikasugua. Vidole viliwaka moto, kamasi zikanitoka, na viti vikaingia mabaka kama mbuzi wa jirani. Baba akasema hiyo ndiyo dalili kwamba inafanya kazi.

Somoe akaja kujaribu kukaa. Akatoka mbio, anakohoa, mapaja yanamwasha, akaangua kilio. "Baba, kwa watu nitafikaje hivi?" 

Mama akaingiza kichwa garini, akakitoa upesi. Tukasubiri atukane, wala hakutukana. Alikwenda uani, akarudi na ndoo, akaimwaga juu ya viti. Akarudi tena, na tena. Shangazi wakapiga mayowe, "Wifi, sisi tutaoga nini?" Yeye akaendelea kuchota. Tukasikia kata inakwangua chini ya pipa. Alibakiza ndoo moja tu, ya bibi harusi, maana alfajiri ya kesho yake tungekuwa safarini, si bondeni. Jua la mchana likavikausha viti.

Leo watoto wetu wana chupa ya dashibodi, chupa ya viti, na nyingine ya kunukisha stroberi, gari linanukia kuliko mwenye gari. Mwanangu akiosha gari huachia mpira wa maji ukitiririka huku anajipiga picha. Nikifoka, ananijibu, "Mama, si maji yapo?" Yapo kweli, na nashukuru shingo za mabinti zimepona. Lakini yale yanayopotelea mtaroni hunirudisha Masasi, siku ya harusi. Mama mkwe wa Somoe alikuja mbio, mikono wazi, amkumbatie mama. Mama akarudi nyuma hatua mbili, akampa mkono tu, kwa mbali. Mpaka leo wakwe wetu wanasimulia kwamba mama yetu alikuwa na maringo, naye hajawahi kuwaambia kwamba hakuwa ameoga.